Kama walikuwa wanashinda, kwa nini makomredi wa Zimbabwe walisaini London?

Mwalimu_wa_Tukuyu

Wakuu, salaam. Nafundisha Historia kidato cha sita kwenye shule moja huku Rungwe. Juzi nilikuwa namalizia mada ya ukombozi wa Zimbabwe. Ubao umejaa: Ian Smith, mkuu wa serikali ya wazungu ya Rhodesia (ndiyo Zimbabwe ya leo), na tangazo lake la uhuru wa walowezi tarehe 11 Novemba 1965, chama cha ZANU kujitenga na ZAPU 1963, majeshi yao mawili, ZIPRA la ZAPU na ZANLA la ZANU, mkutano wa Lancaster House kule London, uhuru tarehe 18 Aprili 1980. Nikauliza "kuna swali?" kwa ile sauti ya mwalimu anayeombea kengele ilie.

Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye muhula mzima sijamsikia, akanyoosha mkono. "Mwalimu, umesema kufikia 1979 wapiganaji walikuwa wameenea karibu nchi nzima na wazungu wanafungasha wanaondoka. Sasa mtu unayeshinda unakwendaje kukaa meza moja na unayemshinda, halafu unamwachia viti 20 bungeni na ardhi yake asinyang'anywe miaka 10?"

Nikamjibu kama notisi zinavyosema, kwamba kulikuwa na shinikizo la kimataifa. Akaandika. Lakini aliandika kwa namna ya mtu anayeandika bei ya duka asilokusudia kununua.

Nimerudi nyumbani swali halijanitoka, tena limezaa lingine. Mapigano yalisitishwa tarehe 28 Desemba 1979. Wapiganaji wakapewa wiki moja watoke porini na silaha zao, wakakusanyike kwenye vituo walivyopangiwa, na jeshi la Smith limebaki na kambi zake na ndege zake. Mimi ningekuwa kamanda, walahi nisingetoka. Wao walitoka, na miezi miwili baadaye wakashinda uchaguzi vibaya sana. Kwa hiyo ama walikuwa wajinga wenye bahati, ama kulikuwa na hesabu ambayo vitabu vyetu havijaiandika.

Najua humu jukwaani wapo wazee wa reli na watu wa Kilolo waliokua jirani na kambi ya wapiganaji ya Mgagao. Notisi ninazo. Nataka hesabu.

Chapa_Lapa

Ticha unajisumbua bure. Walichoka, basi. Miaka zaidi ya kumi porini, unakula mizizi, mvua yako jua lako, mtu anakuja anakwambia njoo London ulale hotelini. Nani angekataa? Ndiyo maana ardhi waliiacha mezani. Wazungu waliwachezea, wakaja kushtuka mwaka 2000 wanavamia mashamba kwa mapanga.

Mwambie huyo binti waliuzwa. Atafaulu mtihani.

Mimi niko Makambako, napakia viazi, historia yangu ni hiyo tu.

Karani_Mstaafu

Kamwene wana jukwaa. Mwalimu, marahaba kama umenisalimu, na kama hukunisalimu nimekusamehe, maana umeuliza swali la maana.

Chapa Lapa mwanangu, wewe pakia viazi. Umekaribia ukweli ukaupita kama basi linavyopita kituo. Kuchoka kulikuwepo. Ila waliochoka ni wenyeji wao.

Mimi ni Mhehe wa Kilolo, nimezaliwa 1955, kijiji cha mwendo wa saa mbili kwa miguu toka Mgagao. Mwaka 1976, mwaka uleule Wachina walipotukabidhi reli ya TAZARA rasmi, nikaajiriwa, nikaishia kuwa karani wa mizigo stesheni ya Mbeya. Kazi yangu ilikuwa karatasi: behewa namba fulani, mbolea, linakwenda Kapiri Mposhi; behewa namba fulani, shaba, linakwenda Dar. Mtu wa karatasi anajua mambo ya vita kabla ya redio.

Oktoba 1979 karatasi za kutoka Zambia zilikatika. Tukadhani ni ajali, maana ajali hazikuwa ngeni. Baadaye ndipo habari ikaja: makomandoo wa Rhodesia wameingia Zambia mpaka kaskazini kabisa, kwenye mto Chambeshi, wamelipua daraja la reli na la barabara kwa pamoja. Tazama ramani, Mwalimu. Chambeshi haiko mpakani na Rhodesia. Ni mbali, iko karibu na sisi kuliko na wao. Pale Mbeya mabehewa yalipangana kwenye njia za pembeni mpaka tukakosa pa kuyaweka. Mbolea ya watu ikanyeshewa huku msimu wa kupanda unaanza. Novemba, Salisbury, yaani serikali ya Rhodesia, wakazuia na mahindi yaliyokuwa yapite kwao kwenda Zambia, ilhali mavuno ya Zambia mwaka ule yalikuwa mabaya. Sasa wewe jifanye Kaunda. Shaba huitoi, mahindi huyaingizi, madaraja yako yanalipuliwa moja baada ya jingine, na sababu ya yote ni wageni uliowakaribisha. Utaendelea kuwaambia "piganeni tu, jisikieni nyumbani"?

Samora naye kule Msumbiji ilikuwa hivyohivyo, pengine mbaya zaidi. Wapiganaji wa ZANLA walikuwa wanatokea kwake. Chimoio ilipigwa Novemba 1977, na Septemba 1979, siku chache kabla mkutano wa London haujaanza, ndege na helikopta za Smith zikashambulia jimbo la Gaza na kubomoa madaraja. Ongeza waasi wa RENAMO, kundi lililoundwa na usalama wa Rhodesia, limeanza kuchoma vijiji. Nasi Tanzania tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka kumwondoa Amin. Kampala iliangushwa Aprili 1979, na waliokuwepo wanakumbuka miezi kumi na minane ya kufunga mkanda, ambayo mimi mpaka leo sijaona ilipoishia. Sabuni foleni, chumvi foleni.

Kwa hiyo Nchi za Mstari wa Mbele, yaani sisi na jirani zetu tuliowabeba wapigania uhuru, zilitaka vita viishe. Agosti 1979 Mwalimu Nyerere na Kaunda wakakutana na mama Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola pale Lusaka, ndipo njia ya London ikafunguliwa. Mugabe, kiongozi wa ZANU, hakuwa na hamu ya kwenda. Na alipofika huko, zilipofika siku za kutaka kunyanyuka, Samora alimtuma msaidizi wake Fernando Honwana kumfikishia ujumbe kwamba Msumbiji haiwezi kubeba vita hivyo zaidi. Anayepigana akitokea uani kwa jirani, siku jirani akifunga geti vita vimekwisha, hata uwe unashinda. Hili ndilo jibu la kwanza la binti yako.

La pili ni Lord Carrington, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza aliyeongoza mkutano. Yule bwana alikuwa fundi. Aliyakata mazungumzo vipande: katiba kwanza, mkishakubali ndiyo serikali ya mpito, mkishakubali ndiyo kusitisha mapigano. Kila kipande hakirudiwi. Na nyuma ya mlango alikuwa na fimbo: askofu Muzorewa alikuwa tayari waziri mkuu kutokana na makubaliano yake na Smith ya Machi 1978 na uchaguzi wa Aprili 1979. Patriotic Front, yaani ZANU na ZAPU kwa jina moja, wakitoka nje, Uingereza inampa Muzorewa utambuzi, vikwazo vinaondolewa, na makomredi wanageuka waasi dhidi ya serikali ya Mwafrika mwenzao. Ona mtego huo. Suala la ardhi lilikaribia kuvunja mkutano, wakaahidiwa fedha za kuwasaidia kununua mashamba kwa anayetaka kuuza, wakameza. Tarehe 21 Desemba wakasaini.

Chaji inaniishia. Narudi jioni kuzungumza hesabu ya porini, maana hapo ndipo panapovutia.

Mwalimu_wa_Tukuyu

Shikamoo mzee wangu, nilisahau heshima kwa furaha. Nasubiri jioni.

Chapa_Lapa

Mzee shikamoo. Geti la jirani nimelikubali. Sijakubali kuhusu hotelini.

Karani_Mstaafu

Marahaba wanangu wote. Umeme umerudi.

Mwalimu, ili uelewe kwa nini walitoka porini, lazima nikurudishe Mgagao. Wapiganaji wa ZANU walifundishwa kule na wakufunzi wa Kichina. Sisi wanakijiji hatukuingia ndani, getini alikuwepo askari wetu wa JWTZ na hakuwa na mzaha. Lakini makomredi walitoka kununua vitu. Kulikuwa na kijana mmoja mwembamba, Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea kiberiti tu. Siku moja, nadhani 1974, alichukua kwa mama debe la maharage, hela hana, akaweka rehani kikombe chake cha bati chenye maandishi ya Kichina. Akakaa kibarazani kwetu akisubiri mvua ipungue. Nikamuuliza, nyie mkimaliza hapa mnakwenda kupigana na ndege kwa bunduki? Akacheka. Akaonyesha dimbwi pale bondeni, kwa Kiswahili chake kibovu akasema: sisi samaki, watu maji.

Nilikuja kujua baadaye ni mafundisho ya Mao, wote waliofunzwa na Wachina wanayo. Ila kwa ZANLA haukuwa wimbo wa gwaride. Ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Waliingia vijijini, wakaitisha mikutano ya usiku kucha waliyoiita pungwe: nyimbo, hotuba, ngoma mpaka alfajiri. Wavulana wa kijiji wakawa macho na masikio yao, waliitwa mujiba. Wasichana wa kupika na kubeba waliitwa chimbwido. Mpaka 1979 vijiji vingi vya mashariki na katikati mchana vilikuwa vya serikali na usiku vya mujiba.

ZIPRA ya Nkomo, kiongozi wa ZAPU, ilikwenda njia nyingine. Wao walifunzwa na Warusi, wakakaa Zambia, na kuelekea mwisho wa vita walikuwa wanajenga jeshi kamili la vikosi na silaha nzito, livuke Zambezi siku moja liichukue nchi kijeshi. Jeshi zuri. Nidhamu yao hata maadui waliisifia. Ila lilikuwa jeshi la vita ambavyo havikuja. Geti la jirani lilifungwa kabla hawajavuka.

Sasa njoo Desemba 1979. Gavana wa Kiingereza, Lord Soames, ameshatua Salisbury. Waangalizi wa kijeshi wanatoka Uingereza, Australia, New Zealand, Fiji na jirani zetu Kenya. Vituo vya kukusanyikia vimepangwa 16, vingi pembezoni mwa nchi. Mantiki ya aliyevipanga unaiona: samaki watolewe bwawani watiwe kwenye ndoo 16, uchaguzi upigwe bwawa likiwa tupu. Na jeshi la Rhodesia likitaka kupiga ndoo, linajua zilipo.

Makomredi walifanya nini? Walijaza ndoo. Zaidi ya watu 20,000 walihesabiwa vituoni. Lakini wengi wa waliokwenda upande wa ZANLA walikuwa mujiba, vijana wa kijiji waliopewa bunduki kuukuu, na sehemu kubwa ya wapiganaji wazoefu ikabaki vijijini na silaha zimefukiwa. Dagaa walihesabiwa, kambale wakabaki kwenye tope. Waingereza waliliona hilo na walilalamika. Soames alitishia kufuta uchaguzi kwenye maeneo yenye vitisho. Lakini Soames naye alishawaruhusu askari wa Rhodesia na migambo ya Muzorewa watembee vijijini, na askari wa Afrika Kusini walikuwa Beitbridge, kwa hiyo hakuwa na mikono misafi ya kunyooshea mtu kidole. Mugabe mwenyewe aliponea chupuchupu kulipuliwa barabarani, Februari.

Kwa hiyo, Mwalimu, usiwafundishe wanafunzi kwamba vita viliisha halafu ukaja uchaguzi. Kwa ZANLA kupiga kura ilikuwa ni operesheni ya mwisho ya vita, na walikuwa wameiandaa miaka saba kwenye zile pungwe. Bunduki iliwapa kijiji, na kijiji ndicho kilichopiga kura. Februari 27 hadi 29 watu wakapanga foleni. Tarehe 4 Machi matokeo: katika viti 80 vya Waafrika, chama cha Mugabe chenye alama ya jogoo 57, Nkomo 20, Muzorewa 3. Huyo Muzorewa miezi kumi nyuma alikuwa na 51 kati ya 72. Pale stesheni tuliisikia kwenye redio ya bwana stesheni, mmoja akadai mtangazaji amekosea, amesoma namba kinyume.

Na vile viti 20 vya wazungu anavyovilalamikia binti yako, vyote vilikwenda kwa Smith, na havikumsaidia kitu. Hesabu 57 kwa 100.

Mtu mmoja hakuyaona hayo. Josiah Tongogara, kamanda wa ZANLA, alikufa kwa ajali ya gari Msumbiji tarehe 26 Desemba, siku tano baada ya kusaini na siku mbili kabla ya bunduki kunyamaza. Alikuwa anataka ZANU na ZAPU waingie uchaguzini pamoja. Mugabe akaingia peke yake.

Kitu kimoja cha kujivunia sisi wa Iringa, nisisahau. Huyo Mugabe mnayemsikia, 1975 alikuwa kawekwa kando Msumbiji. Chitepo, mwenyekiti wa ZANU, ameuawa kwa bomu Lusaka mwezi Machi, makamanda wengi wako jela Zambia, wanasiasa wanagombania uongozi. Makamanda vijana walioko Mgagao ndio walioandika tamko mwishoni mwa mwaka ule, wakawakataa Muzorewa na Sithole, wakasema mtu tutakayezungumza kupitia kwake ni Mugabe. Kiongozi wa Zimbabwe alichaguliwa kwenye baridi ya Kilolo, zaidi ya miaka minne kabla ya masanduku ya kura.

Mama_Mzigo_Tunduma

Shikamoo baba. Nimesoma yote, simulizi tamu, ila nina neno, samahani.

Mimi ni mfanyabiashara, navuka Tunduma tangu 2003, nimefika Bulawayo mara nyingi, nalala nyumbani kwa mama mmoja Mndebele, mtu mzima sana. Ukimwambia huyo mama habari ya samaki na maji atakutazama tu. Baba unasema kama vile maji yalifurahia samaki. Watu wa vijijini waliambiwa wazi kwamba jogoo asiposhinda vita vinaendelea. Na pungwe zile zilikuwa na nyimbo, sawa, lakini pia ndiko mtu alikoitwa mbele akaambiwa yeye ni msaliti, na kesho yake hakuamka. Kura ya mtu anayetaka tu risasi ziishe ni kura gani?

La pili. Umewataja ZIPRA kwa mistari mitano, jeshi zuri, nidhamu, basi. Waliishia wapi? Wale vijana wa yule mama wawili walikuwa ZIPRA. Mmoja alirudi salama vitani 1980. Mwaka 1983 akachukuliwa nyumbani kwake, na waliomchukua hawakuwa wa Smith.

Nisamehe kama nimekuvunjia heshima.

Karani_Mstaafu

Marahaba mama. Hujanivunjia heshima. Umenishika mahali nilipokuwa napita kwa vidole.

Vitisho vilikuwepo, nakubali. Nilisema kijiji ndicho kilichopiga kura, sikusema kijiji kilikuwa huru. Lakini nitakwambia hivi: pande zote zilitisha, na Muzorewa alikuwa na migambo, helikopta, magazeti na fedha za Afrika Kusini, akapata viti vitatu. Vitisho peke yake havitoi 57. Watu walitaka vita viishe, na waliona mwenye uwezo wa kuvimaliza ni nani. Hiyo nayo ni akili ya mpiga kura, japo si ile tunayoipenda.

Kuhusu ZIPRA, nitasema nililokuwa nalikwepa.

Mwishoni mwa 1975 Nchi za Mstari wa Mbele ziliwalazimisha ZANLA na ZIPRA waungane wawe jeshi moja, ZIPA. Vijana wa Nkomo wakaletwa kufunzwa pamoja na wale wa ZANU, Mgagao hapohapo. Katikati ya 1976 wakapigana wao kwa wao humo kambini. Vijana wa ZIPRA wakauawa na makomredi wenzao, hapa kwetu. Mimi nilikuwa nimeshahamia Mbeya. Dada yangu aliniambia walisikia milio, wakadhani ni mazoezi kama siku zote, ila haikuwa na mpangilio wa mazoezi. Wiki iliyofuata hakuna komredi aliyekuja kununua kitu. Mama akaacha kuuliza habari za kikombe.

Kwa hiyo mama, mtu yeyote aliyetaka kujua itakuwaje 1980 angeweza kuangalia 1976. Watu wale walishaonyesha kwamba ukiwaweka uwanja mmoja na bunduki bila kumaliza ya moyoni, watauana. Lancaster House ilishughulikia ugomvi wa mzungu na Mwafrika, tena kwa ustadi. Ugomvi wa ZANLA na ZIPRA haukuwa na kipengele. Walisema majeshi matatu yataunganishwa, nalo la Smith likiwemo, wakaleta wakufunzi wa Kiingereza, na hilo la kuunganisha vikosi kwa sehemu kubwa liliwezekana. Lakini wapiganaji wa pande mbili walipotolewa vituoni walipangishwa nyumba jirani kwa jirani Entumbane, hapo Bulawayo unapopafahamu wewe. Novemba 1980 wakapigana. Februari 1981 wakapigana tena, vibaya zaidi. Na wa kuwaamulia ikawa ni vikosi vilivyokuwa vya Smith. Fikiria hilo.

Februari 1982 silaha zilizofichwa zikaonekana kwenye mashamba ya ZAPU. Kila upande ulikuwa umeficha, nimeshawaambia kambale walibaki kwenye tope na bunduki zao. Lakini aliyeshinda kura aliitwa serikali na silaha zake ni za serikali, aliyeshindwa silaha zake ni uhaini. Nkomo akafukuzwa serikalini. Lookout Masuku na Dumiso Dabengwa, wakuu wa ZIPRA, mahakama haikuwatia hatiani kwa uhaini, wakazuiwa jela hivyohivyo. Masuku hakupona, alikufa 1986. Na kuanzia 1983 brigedi ya tano ya jeshi la serikali, iliyofunzwa na Wakorea Kaskazini, ikaingia Matabeleland, kwa Wandebele. Wakaita Gukurahundi. Waliouawa wanahesabiwa kwa maelfu. Mpaka tarehe 22 Desemba 1987 ndipo Nkomo akatia saini, ZAPU ikamezwa na ZANU.

Yule mama wa Bulawayo mpe pole yangu. Mwambie mzee mmoja wa Iringa anajua ugomvi ule ulimwaga damu ya kwanza wapi.

Chapa_Lapa

Duh. Nimeacha kupakia.

Mzee swali la kijinga: Mwalimu Nyerere alijua ya 1976? Na kama alijua kwa nini hakuwalazimisha kuingia uchaguzini pamoja?

Karani_Mstaafu

Si la kijinga. Kambi zilikuwa kwenye ardhi yetu, chini ya macho ya jeshi letu na Kamati ya Ukombozi ya OAU pale Dar, chini ya marehemu Hashim Mbita. Walijua. Na walijaribu kuwaunganisha, ndiyo maana ZIPA ilikuwepo, ndiyo maana Oktoba 1976 ikaundwa Patriotic Front kwa ajili ya mkutano wa Geneva, jina moja mezani. Lakini jina moja mezani na majeshi mawili porini ni vitu viwili tofauti. Ukimlazimisha mtu kuoana, harusi utaiona. Ndoa huioni.

Halafu lazima tuseme kweli, 1980 Mstari wa Mbele walikuwa wanataka kulala usingizi. Mimi mwenyewe, matokeo yalipotangazwa, nilichofurahia kwanza ni kwamba karatasi za Kapiri Mposhi zitarudi. Binadamu.

Mwalimu_wa_Tukuyu

Mzee, mama, asanteni. Nimenakili kila kitu kwenye daftari la maandalio, na kesho kipindi cha pili naanza na mto Chambeshi badala ya Lancaster. Nitawachorea reli kwanza, geti la jirani, halafu ndoo. Na ya Mgagao 1976 nitaisema, hata kama haimo kwenye muhtasari. Mkaguzi akija nitamwonyesha ubao wa jiografia.

Ila huyo binti namfahamu sasa. Ataniuliza: yule kijana wa kiberiti alikuwa kwenye ndoo au kwenye tope?

Karani_Mstaafu

Mwambie hakurudi kukomboa kikombe chake. Mama alifariki 1994, akaniachia mimi. Rangi imebanduka mdomoni lakini hakivuji. Msimu wa ulanzi nakipimia wageni, kinaingia nusu lita kasoro kidogo. Ukipita Kilolo, Mwalimu, karibu.